Tari Lililooteshwa Kwanza

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni sababu ya kuficha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata wali ukiniungulia, nitaeleza jinsi ulivyoungua vizuri kuliko wa jirani. Kwa hiyo anayetafuta masimulizi ya mnyenyekevu agonge mlango mwingine. Mimi nitasimulia jinsi nilivyoongoza tari bila kuligusa, mjini Mocímboa, mbele ya watu waliojaa mpaka juu ya kuta, kwa mkono uliokuwa nusu umekufa. Nilikwenda kule kutetea nafasi yangu, na nusura niipoteze kwa sababu ya moto wa makuti.

Kikundi chetu ni cha ngoma ya tufo, cha wanawake wa mtaa mmoja wa Palma. Tunavaa kapulana za sare, vile vitambaa vyetu vya kujifunga, tunapaka usoni msiro, ule weupe wa kijiti kilichosagwa kwa maji, tunaimba na kucheza, na nyuma ya wachezaji kuna matari manne. Tari la kwanza ndilo linaloongoza. Si lazima lilie kwa nguvu kuliko mengine. Kazi yake ni kuuambia wimbo uende lini na usimame lini, na yale matatu hulifuata. Anayelipiga ndiye kiongozi wa kikundi: ndiye anayechagua nyimbo, anayewakemea wachelewaji, na anayekaa katikati watu wakipigwa picha. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Matari hayapigwi hivi hivi. Ngozi ya mbuzi hulegea kwa hewa ya bahari, na tari lililolegea hulia kama ndoo. Ndiyo maana kabla ya ngoma huwashwa moto wa makuti, matari yakasogezwa kwenye joto moja moja, yakageuzwa, yakagongwa kwa kidole mpaka ngozi ikaze. Kwetu kazi hiyo ina mwenyewe. Ni mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Quiterajo, aliyeletwa Palma na ndoa na akabaki hata baada ya ndoa kwisha. Ni mnene, magoti yake ni mabovu, na maneno yake ni machache hivi kwamba wageni hudhani ni bubu.

Moto wa mama huyu una utaratibu wake, nao ndio utaratibu wa kikundi. Tari la kiongozi huoteshwa kwanza. Siku kiongozi anapobadilika hakuna kikao wala hotuba. Mtunza moto hunyanyua tari la mtu mwingine kwanza, na wote wakaelewa. Hivyo ndivyo nilivyoupata uongozi mimi. Shangazi yangu, aliyekuwa mbele yangu, aliliona tari langu likienda motoni kabla ya lake, akajifunga kapulana vizuri, akahamia safu ya waimbaji. Hakununa, na mimi kwa heshima sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Kisha ikaja gesi. Walisema ipo chini ya bahari, hapo hapo mbele yetu, nyingi kupita kiasi. Sisi gesi yenyewe hatukuiona. Tulichokiona ni magari meupe yenye antena ndefu, nyumba za wageni zilizoota kila penye uwanja, na vijana wetu wakivaa kofia ngumu na viatu vizito kwenye jua la saa sita. Mambo yaliyotupata huko baadaye yanajulikana, na wengine wanayajua kuliko walivyotaka. Leo sisimulii hayo. Ninasimulia miaka ile ya mwanzo, ambapo kila mgeni mkubwa akishuka alichezewa ngoma, na kikundi chetu kilikuwa hakikauki jasho.

Pamoja na wageni walikuja watu wa vinanda vya umeme. Walitoka Pemba, wengine walivuka kutoka Mtwara, na ghafla harusi bila kinanda ikawa harusi ya wanyonge. Mpigaji alibonyeza kitufe, ngoma ikaanza kulia yenyewe ndani ya kinanda, naye akawa anatafuna jojo na kutazama wasichana. Niliwachukia toka siku ya kwanza, na sikuwa na haja ya sababu. Sababu ilikuja baadaye.

Asubuhi moja nilikuwa nasaga msiro kwenye jiwe. Kijiti kikanitoka mkononi, nikakiokota, kikanitoka tena. Nilipotaka kumwita jirani, mdomo ukaenda upande. Hospitali waliniambia ni kiharusi kidogo na nishukuru. Nilishukuru. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi wa kwanza kuliko vyote, na ndugu zangu walisema hilo halikuwashangaza. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Uliweza kushika kijiko, uliweza kushuka na kupanda kidogo juu ya meza, lakini haukuweza kupita bega, ulitetemeka, na kofi la tari lilikuwa limeondoka kabisa. Niligonga ngozi, ikatoa sauti ya mtu anayebisha hodi kwa woga. Mkono wa kushoto nilijaribu kuufundisha, lakini kofi halihamishwi kama kiti.

Wenzangu walinitendea kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko matusi. Tari la kwanza lilishikwa kwa muda na msaidizi wangu, mwanamke mdogo kwangu, mwenye mikono mizuri na haraka nyingi. Kila mtu alikuwa akisema "kwa muda". Mimi nilikaa kwenye mkeka na wajawazito na wagonjwa, nikipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Nilijua kwamba siku yoyote mtunza moto atanyanyua tari la msaidizi wangu kwanza, na mambo yatakuwa yamekwisha. Mpaka hapo alikuwa bado analiotesha langu kwanza, ijapokuwa hakukuwa na mtu wa kulipiga. Nilidhani ni mazoea tu.

Sasa ile sababu ya kuvichukia vinanda. Tuna wimbo mmoja tunaoupenda kuliko zote, ambao katikati yake wachezaji wote hupiga magoti kwa pamoja. Hapo tari la kwanza hunyamaza. Kiongozi hatazami ngozi wala hatazami wageni. Hutazama magoti ya wanawake, na harudishi pigo mpaka goti la mwisho liguse chini. Goti la mwisho siku zote ni la mtunza moto wetu, maana naye hucheza. Miaka yote ile nililisubiri goti lake, na watazamaji walidhani kimya kile ni urembo wa wimbo. Kilikuwa urembo kweli, lakini ulitoka kwenye magoti ya yule mama.

Katika harusi moja bibi arusi alitaka wimbo huo na akataka kinanda. Wakatuchanganya. Walipofika pa kupiga magoti, kinanda hakikunyamaza. Kiliendelea kutwanga, wasichana wakainuka, na mama yule akabaki nusu chini nusu juu, mkono mmoja mchangani, akihangaika. Vijana wa pembeni walicheka. Mimi kutoka mkekani nilitoa maneno ambayo sitayaandika, kwa mdomo uliokuwa umepona vizuri sana. Siku hiyo nilielewa kwamba kosa la kile kinanda lilikuwa moja tu. Hakikujua kusubiri.

Maneno hayo hayo nilimlalamikia binti wa kaka yangu alipokuja kunitazama. Huyu msichana alisoma umeme shule ya ufundi Pemba, akapata kazi kwenye kambi moja ya wafanyakazi wa gesi nje kidogo ya Palma, na alikuwa anaweza kufungua kitu chochote chenye waya na kukifunga tena bila skrubu kubaki. Nilitegemea anipe pole. Badala yake aliniambia kwamba chombo kinachosubiri kipo. Kazini kwake kulikuwa na fundi mmoja mgeni, mtu mzima, aliyewahi kuona ujanani mwake ubao na vijiti viwili ambavyo mtu hupunga hewani, na kompyuta ikapiga muziki kwa kumfuata yeye. Fundi huyo alikuwa amemchorea. Nikamwambia muziki wa kompyuta ndio huo huo wa kinanda, aniondolee balaa.

"Sivyo, shangazi," akasema. "Kwenye kinanda mashine ndiyo inayoshika mwendo. Hapa computador inajua mapigo yote, ila haijui lini. Lini unaijua wewe."

Maneno hayo yalinikaa. Sikumwonyesha, lakini yalinikaa.

Alianza kuunda chombo hicho kwenye kibaraza changu siku zake za mapumziko. Ubao aliutoa kwenye makasha ya mizigo yaliyotupwa pale kambini. Ulikuwa bado na mshale mweusi wa kuonyesha upande upi ni juu. Chini yake alibandika mikanda ya shaba kwa gundi. Vijiti vilikuwa viwili, kila kimoja na waya mwembamba uliozungushwa kwenye ncha na mwingine mrefu uliokwenda kwenye mashine zake. Ubao ulikuwa unahisi ncha ya kijiti ilipo: kulia au kushoto, juu au chini. Kijiti kimoja kilikuwa cha mwendo. Kikishuka chini ya mpaka fulani hewani, kompyuta ilitoa pigo moja la wimbo, pigo linalofuata, kisha ikanyamaza na kungoja. Kijiti cha pili kilikuwa cha nguvu. Ukikipandisha, sauti inakua, ukikishusha, inapoa. Hakuna kofi lililohitajika, wala nguvu. Ilitosha mtu kujua wakati.

Mara ya kwanza ilitoa sauti ya ngoma ya kinanda. Nikamwambia hilo ni kopo, na mimi sitaongoza makopo. Hakubishana. Akaenda kwenye redio ya jamii, ambako miaka ya nyuma tulirekodiwa nikiwa mzima, akawaomba ile kanda yetu. Akakaa nayo kwa majuma, akikata pigo moja baada ya jingine kutoka kwenye tari langu na kuyapanga ndani ya kompyuta kwa mfuatano wa ule wimbo wetu. Jioni moja alirudi, akanipa vijiti bila maelezo. Nikashusha kimoja.

Lililolia lilikuwa kofi langu. Mtu anaijua sauti ya mkono wake kama anavyokijua kikohozi chake. Nikashusha tena, likaja la pili, na lile la tatu lenye kidole gumba ambalo hakuna mwingine Palma anayelipiga hivyo. Nikasimamisha kijiti hewani. Kimya. Nikatazama kuku wakipita, nikamsalimu jirani, nikamaliza, na mashine ilikuwa bado inanisubiri. Nililia pale pale, na binti wa kaka yangu akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Sina aibu ya machozi yale. Nilikuwa nimeuzika mkono huo, na sasa nilikuwa nausikia.

Wenzangu waliukaribisha ubao kwa vicheko. Ulikuwa na mshale na maandishi ya kigeni, na mimi nilisimama mbele yake nikipunga vijiti kama mtu afukuzaye nzi. Lakini tulipojaribu wimbo, yale matari matatu yakanifuata, na tulipofika penye magoti nikanyamazisha kijiti mpaka mama wa Quiterajo akafika chini. Alinitazama kutoka pale chini. Kijiti cha mwendo nilikishika mkono wa kushoto, mkono mzima. Ule wa kulia, kwa kuwa ulitetemeka na niliuonea haya, niliupa kijiti cha nguvu, uelee tu juu ya ubao.

Msaidizi wangu hakucheka, wala hakufurahi. Siku moja baada ya mazoezi alisema mbele ya wote, bila ukali, kwamba ubao ni kitu kizuri lakini si tari. "Tari linaoteshwa moto, dada," akasema. "Kisichoota moto si tari."

Ningeweza kumjibu vizuri, lakini hasira yangu hukimbia kuliko akili. Nikasema kwamba tumealikwa Mocímboa kwenye maonyesho ya vikundi vya pwani, na huko ndiko kutakakojulikana. Ubao ukiongoza mpaka mwisho, nabaki nilipo. Ukishindwa, tari la kwanza ni lake, na mimi nitahamia kwa waimbaji kama shangazi yangu, tena bila kununa. Wote walisikia. Nilipofika nyumbani nilijitukana mwenyewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tulikwenda Mocímboa kwa gari la mizigo, kapulana zimekunjwa ndani ya mabeseni, ubao umefungwa kwa shuka mapajani mwangu. Binti wa kaka yangu hakuwa nasi. Alikuwa amekwenda Pemba kutafuta spika ya kutosha uwanja, na wakati anarudi gari lao likaharibika Awasse, njia panda, akalala huko kwa watu. Aliahidi kwa simu kwamba atafika kabla ya zamu yetu. Tulishukia kwenye uwanja karibu na bandari, ambapo siku hiyo walikuwa wanateremsha mabomba na samaki kwa wakati mmoja, na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wanagombania kivuli. Kikundi kilichokuwa mbele yetu kilikuja na kinanda. Nilikitazama kwa jicho baya.

Nikauacha ubao kwenye mkeka, nikaenda kutafuta maji ya kusugulia msiro. Niliporudi nilinusa gundi.

Nyuma ya ukuta, mtunza moto wetu alikuwa ameshawasha makuti yake. Mbele yake, umeegemezwa kwenye mawe, uso umeelekea kwenye makaa, ulikuwa ubao wangu. Upande wa kushoto rangi ilikuwa imetoka malengelenge. Gundi ilikuwa inatiririka, na mkanda wa shaba umejikunja kama jani kavu. Naye alikuwa anaugonga kwa kidole, kwa uangalifu, ameinamisha sikio, akingoja ulie.

Nilipiga kelele. Nilimwambia ameniua, nikamuuliza ni nani aliyemtuma, nikamwita mshamba. Wenzangu walikimbia wote. Msaidizi wangu alisimama na tari lake mkononi, akatazama ubao, akatazama moto, na uso wake ukabadilika, maana alijua maneno hayo ya moto yalitoka wapi. Mama wa Quiterajo aliuondoa ubao taratibu. Hakujitetea wala hakuomba radhi. Alinitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu anayekemewa kwa kupika.

"Nimeanza na lako, mdogo wangu," akasema. "Siku zote naanza na lako."

Hapo ndipo nilipoyaona yale matari manne. Yalikuwa bado pembeni kwenye mkeka, baridi, la msaidizi wangu likiwa juu. Hakuna hata moja lililokuwa limeoteshwa.

Nilikuwa nimesafiri njia yote ile nikitafuta kama nafasi ni yangu, nikidhani watu wa Mocímboa wataniambia. Mtu ambaye kazi yake ni kusema alikuwa ameshasema, kwa njia anayoijua yeye, na nusu ya ubao wangu ilikuwa imeungua kwa kusemwa huko. Nilikaa chini karibu naye. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto. Nikamwambia ahsante, nikamwomba asamehe yale ya mshamba. Akasema msiro wangu unakauka vibaya, nijitengeneze.

Binti wa kaka yangu alifika akiwa na vumbi la Awasse mpaka kwenye kope. Aliutazama ubao, akakaa juu ya spika yake, akafumba macho kidogo. Nilitegemea alie. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaufungua ubao, akaunga alichoweza, akajaribu, kisha akatueleza kwamba upande wa kushoto umekufa na hautafufuka leo. Wa kulia unafanya kazi. Anaweza kuuambia uchukue mwendo, lakini nguvu haitakuwepo tena. Kila pigo litatoka kwa sauti ile ile, hakuna kupanda wala kushuka.

Wimbo wa sauti ile ile ndio wimbo wa kinanda. Nilimgeukia msaidizi wangu, kwa kuwa neno langu lilikuwa neno. Alikuwa akiotesha tari lake, la pili kwa zamu. Hakuinua kichwa.

"Wewe tupe mwendo, dada," akasema. "Nguvu tutatoa sisi."

Lilibaki swali la mkono. Binti wa kaka yangu alitaka nikishike kijiti kwa mkono wa kushoto, nipinde mwili. Aliuogopa ule mtetemeko. Kila ukitetemeka kwenye mpaka, kompyuta ingehesabu pigo. Nilikataa. Kama nguvu itatoka kwa wanawake, basi kuna mtu lazima awaambie wapande lini na wapoe lini, na mkono wangu wa kulia haupiti bega. Wa kushoto ndio wa kunyanyua. Hiyo ilikuwa sababu ya akili. Ya moyo ilikuwa nyingine: yule mama alikuwa ameliotesha tari la mkono wa kulia, kwa hiyo ni mkono wa kulia utakaoongoza.

Tuliingia uwanjani. Waliokuwa viti vya mbele walikuwa na fulana za rangi moja na vitambulisho shingoni, nyuma yao wachuuzi wa samaki, nyuma yao watoto juu ya ukuta. Niliposhusha kijiti mara ya kwanza mkono ulitetemeka, na tari likalia mara mbili. Lakini wenzangu hawakushtuka. Walidhani nimetia mbwembwe, na wakaijibu mbwembwe hiyo kwa kigelegele. Basi nikawaachia waamini. Pigo la pili lilikuwa moja, la tatu lilikuwa na kidole gumba chake, na mkono wangu mgonjwa ukaanza kuuongoza mkono wangu mzima wa zamani, hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mtoto wake njiani. Niliponyanyua mkono wa kushoto, matari matatu na sauti za kike zilipanda mpaka spika yenyewe ikawa ndogo. Nilipoushusha, walipoa, na ukasikia mabomba yakigongana bandarini.

Tukafika penye magoti. Nikasimamisha kijiti. Wasichana walishuka, kapulana zikatandazika, na mama wa Quiterajo akaanza safari yake ya kwenda chini. Siku ile ilikuwa ndefu. Nadhani alichoka kwa moto, nadhani pia alikuwa na wasiwasi wa ule ubao. Aliweka mkono kwenye paja, akapumzika, akashuka kidogo. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Mmoja wa wale wa mbele alimgeukia mwenzake, nikaona kwenye uso wake kwamba anadhani umeme umekatika. Mtetemeko ulikuwa umerudi, mkono unauma mpaka kwenye shingo, na ncha ya kijiti inacheza juu tu ya ule mpaka. Nikaubana. Sijawahi kushika kitu chochote kwa nguvu namna ile, hata mtoto. Goti la kwanza likagusa. Goti la pili likagusa. Alinyanyua uso, nikashusha kijiti, na lile tari lililokuwa ndani ya kompyuta likalia pigo moja safi, mahali pake hasa.

Kelele za watu sitazieleza, mtaniambia najisifu. Nitasema tu kwamba mpiga kinanda wa kikundi kile kingine aliacha kutafuna.

Tulirudi nyumbani. Binti wa kaka yangu aliutengeneza ubao upya, na upande wa kushoto umebaki na doa jeusi ambalo nimemkataza kulipaka rangi. Kisha alimwendea mtunza moto wetu, akapiga magoti mbele yake kwa heshima, akamweleza kuhusu shaba na gundi, akamwomba sana asiusogeze tena motoni. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akakubali.

Ngoma iliyofuata nilikwenda mapema kumwangalia, kwa kuwa sikumwamini. Alikuwa amepanga makuti yake lakini hajayawasha. Akaunyanyua ubao kwa mikono miwili, akaupitisha polepole juu ya yale makuti baridi, akaugeuza, akaugonga ukingoni kwa kidole, akainamisha sikio. Akanipa. Kisha ndipo alipowasha kiberiti kwa ajili ya matari mengine.